Studio ya Chumba cha Pamba

Mama mkwe wangu hutunga nyimbo usiku. Hajipangii, zinamjia zenyewe kabla jogoo wa kwanza hajawika, na akishaamka kwenda kukamua, nusu ya wimbo imekwisha kupotea. Asubuhi anakaa kwenye kigoda chake, anabangua karanga huku akiuvuta taratibu ule uliobaki, na sisi wengine tunapita kwa kunyata tusije tukamkatia.

Kwetu Maganzo, wilayani Kishapu, wimbo ukipotea ni hasara ya nyumba nzima. Mama ni Mgika. Wasukuma wa ngoma wana pande mbili tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, zilizotokana na Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga walioshindana hadi ushindani wao ukarithiwa na vijiji vizima. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni, makundi ya pande hizo hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wanaamua kwa miguu yao: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, mashindano hayo huonekana kila mwaka kwenye sherehe za Bulabo, lakini ukitaka kuyaona yakiwa moto njoo vijijini, ambako shangazi anacheza huku na binamu anacheza kule.

Kwenye uwanja wa namna hiyo wimbo mpya, wenye neno ambalo upande wa pili haujalitarajia, unaweza kuhamisha umati mzima. Ndiyo maana manju, au ningi kama tunavyomwita kwa Kisukuma, huficha nyimbo zake mpaka siku yenyewe. Mama huzificha hata kwa kaka yake wa tumbo moja. Mjomba wetu huyo alifuata upande wa rafiki zake akiwa kijana, na mpaka leo ni Mgalu. Wanapendana sana hao wawili. Wanasaidiana jembe, wanagawana mbegu. Ila kuanzia Mei akija kutusalimia, mama anaacha kuimba hadi aondoke.

Mume wangu, Baba Kulwa, amerithi utunzi kwa njia yake. Yeye ni mwalimu wa kwaya kanisani, anaandika nota zake za d, r, m kwenye daftari la mistari. Lakini sehemu kubwa ya mwaka yuko Rwamgasa, mkoani Geita, kwenye karasha. Watu wakisikia Geita wanafikiria mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Rwamgasa ni nchi ya wachimbaji wadogo, ambako mawe yanatolewa kwenye mashimo yaitwayo maduara kwa kamba na viroba, yanapondwa karashani, kisha unga unaoshwa mwaloni. Daftari halina kazi hapo. Mikono ina vumbi la mawe, masikio yamejaa mlio wa mashine, na sauti ya pili ya wimbo inamjia mtu akiwa ameshika beleshi. Akawa anajificha nyuma ya mashine na kuhamu, midomo imefungwa, kwenye simu yake. Akirudi nyumbani anatuwekea: "Sikilizeni, hapo chini ya karasha kuna kitu." Tukatega masikio. Tukasikia mawe.

Basi nyumba ikawa na watunzi wawili bila chombo cha kuwashikia nyimbo, na jambo likafikishwa kwenye kikao cha jioni.

Tulianza na kile kilichokuwepo, simu ya mama ya kitochi. Niliweka chaguo la kurekodi mahali pa kubonyeza mara moja, nikamwonyesha, naye usiku akaimba. Asubuhi tulipomsikilizisha akakunja uso. "Huyo ni nani? Huyo mtu ana mafua." Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitochi hurekodi kwa mtindo wa AMR, uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo chochote kinachozidi hezi 4,000 hakiwezi kuingia, na kilichoingia kinabanwa sana kipate kuchukua nafasi ndogo. Neno linabaki, tyuni inabaki. Kinachoondoka ni ule mng'ao wa sauti, na zile s na sh zinazomfanya mtu atambulike kuwa ni yeye.

Mimi bado nakitetea kitochi. Kwa kushika wazo, maneno na tyuni vinatosha kabisa, na betri yake inakaa siku nyingi, jambo lenye uzito kwenye nyumba ambayo umeme hauna ratiba. Lakini mtunzi akiichukia sauti anayorudishiwa, hatakigusa tena kifaa hicho, na mama hakukigusa tena.

Shemeji yangu, kitindamimba wa mama, ndiye aliyetuletea habari ya Keith Richards wa Rolling Stones. Mwaka 1965 mwanamuziki huyo alilala na kirekodi kidogo cha kaseti cha Philips kando ya kitanda. Asubuhi akakuta kaseti imefika mwisho ilhali hakumbuki kuiwasha. Alipoirudisha akasikia gitaa lake likipiga vipande vya mwanzo vya "Satisfaction", na baada ya hapo mikoromo mirefu. Mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Mama aliisikiliza hadithi hiyo kwa makini kuliko mahubiri, akauliza swali moja: "Hicho chombo kilikuwa mbali kiasi gani na mto?" Tukamwambia kando tu. Akasema basi na chake kikae kando.

Tungeishia pale tungekuwa tumemaliza kazi. Lakini Baba Kulwa alikuwa amepata fungu lake la karasha, na akiwa njiani kurudi alishuka Kahama.

Aliingia nyumbani na boksi kubwa. Ndani mlikuwa na maiki nene ya rangi ya dhahabu iliyolala kwenye sponji jeusi, mkono wa chuma wa kubana mezani, kichujio cha duara cha kuzuia pumzi, na waya mnene. Bei yake ilikuwa mbuzi wawili wazuri. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ndiyo wanayotumia wasanii, na hilo lilikuwa kweli. Alichokiacha ni kwamba wasanii hao wana vitu vingine pia.

Maiki ya namna ile huitwa kondensa. Ndani yake kuna utando mwembamba uliosimama mbele ya bamba la chuma, katikati pakiwa na hewa kidogo sana. Sauti ikigusa utando, ile nafasi inabadilika na umeme ulio pale unabadilika nayo. Bila kulishwa umeme inakuwa pambo, na zile za studio hulishwa volti 48 kupitia waya uleule unaobeba sauti. Tundu la hedifoni la simu hutoa volti mbili au tatu. Tuliichomeka, mama akaimba wimbo mzima kwa moyo wake wote, na tuliporudisha tukasikia mvumo mzito na sauti yake ikiwa mbali kama ng'ambo ya mto. Hakusema kitu. Alichukua ungo wake akaenda kupepeta.

Baba Kulwa akasafiri tena, akarudi na kisanduku cha kutoa hizo volti 48. Kisanduku hicho kilitaka umeme wa ukutani, na wiki ile umeme ulikuwa unakuja saa za watu kulala. Kwa hiyo vifaa vikakaa sebuleni vikisubiri, boksi wazi, sponji lake laini likiwa juu, na kuku mmoja mtetea aliyekuwa akitafuta pa kutagia akapata mahali pazuri kuliko popote alipowahi kupaona. Tulimgundua akiwa na mayai manne. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, walitaka kumtoa. Mama akakataa katakata: kuku aliyechagua mahali hahamishwi, akihamishwa anayasusa mayai. Kuku hulalia siku 21, na kwa muda wote huo maiki ya bei ya mbuzi wawili ililala kabatini ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge changu cha kuvaa msibani, na msiba ukatokea, nikaenda na kitenge cha kuazima.

Umeme ulipotulia tukaona tatizo ambalo fedha haziwezi kulimaliza. Maiki ile ilisikia kila kitu. Ilisikia mashine ya kusaga ya jirani, ikasikia njuga za ndama, ikasikia bati letu. Anayeishi chini ya bati bila dari anajua: jua la saa nne likilipata linatanuka na kupiga ta, ta, na jioni likipoa linapiga tena. Mvua ikinyesha ndiyo usijaribu kabisa. Na hata kwenye kimya, chumba chenyewe kilijibu. Kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, bati juu: sauti inagonga, inarudi, inagonga tena, na wimbo unasikika umeimbwa ndani ya pipa. Hapo ndipo nilipoamini, na bado naamini, kwamba mwenye fedha kidogo atafute kwanza mahali palipotulia, ndipo aangalie maiki. Maiki nzuri kwenye chumba kibaya inakuletea chumba kibaya kwa uaminifu mkubwa.

Ulikuwa msimu wa pamba. Chumba cha nyuma, wanakolala mapacha wakati mwingine wa mwaka, kilikuwa kimejaa pamba mbegu kutoka chini hadi karibu na madirisha, tukisubiri AMCOS, chama cha ushirika, ianze kununua. Doto ndiye aliyegundua. Alikuwa amejificha humo kukwepa kuosha vyombo, akaanza kuimba peke yake, na mimi nilipofungua mlango nikashangaa kwamba sikuwa nimemsikia kabisa kutoka nje. Nyuzi zinaimeza sauti; inaingia kati ya vijitundu vyake, inapotelea humo, hairudi. Studio za mijini hulipia sponji la kubandika ukutani kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Sisi tulikuwa nayo kwa magunia.

Tukamwingiza mama na kigoda chake. Tukatandika mkeka juu ya pamba, tukaweka maiki mbele yake shubiri moja kutoka mdomoni, na akaimba. Naeleza nilichokisikia kwenye hedifoni kwa sababu kilinitoa machozi: nilimsikia akimeza mate kabla ya ubeti, nikasikia ule mkwaruzo mdogo wa sauti ya mwanamke aliyeimba shambani miaka yote, nikasikia ulimi wake ukigusa meno kwenye ng'w ya Kisukuma. Tulipomrudishia alinyamaza muda, kisha akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Huyu ni mimi."

Ubeti wa pili alipiga chafya. Pamba mbegu ina vumbi, ina majani makavu yaliyosagika, na mtu akiimba anavuta pumzi ndefu. Alipiga chafya, Baba Kulwa akapiga chafya, Kulwa akacheka, na tulipotulia ule wimbo ulikuwa umeshakimbia. Tukajifunza kumwagia mkeka maji kidogo na kuingia baada ya vumbi kutulia. Mambo yakanyooka. Kisha asubuhi moja lori likaja. Magunia yakapimwa, yakapakiwa, na kufikia mchana chumba kilikuwa kitupu na kinajibu kwa mwangwi kama zamani. Hakuna aliyelalamika, maana pamba ndiyo ada za shule, lakini nilimwona mama akisimama mlangoni akipiga makofi mara moja ili asikie jinsi kilivyoharibika.

Tukahamia magodoro. Mawili yalisimamishwa pembeni kwenye kona ya chumba cha mama, blanketi likatundikwa nyuma ya mgongo wake, naye akaimba akiielekea ile kona. Ilifanya kazi karibu sawa na pamba. Waliogomba ni mapacha, waliolala juu ya mkeka kila usiku ambao bibi yao alikuwa na wimbo, na shauri likafika hadi kwa Baba Kulwa kwa simu, naye akiwa Rwamgasa akatoa hukumu kwamba godoro la mapacha lisiguswe baada ya saa mbili usiku. Nyimbo zikaambiwa zije mapema. Hazikuja mapema.

Kilichotuokoa ni umbali. Ukikaribisha maiki mdomoni kwa nusu ya umbali wa mwanzo, sauti ya mwimbaji inaongezeka kwa desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Hugh Tracey aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, za Wasukuma zikiwemo, alifanya kazi nje uwanjani bila ukuta wa kumsaidia, na kwenye picha zake nyingi utamwona ameishika maiki mwenyewe, anaisogeza kwa huyu kisha kwa yule. Nyimbo alizozichukua zipo hadi leo kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mkono wake ulifanya kazi ya chumba. Nikajiambia kama maiki inaweza kukaa karibu na koo la mama muda wote, tunaweza kuyaacha magodoro yalale chini.

Ndivyo tulivyofika kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Zipo Shinyanga mjini kwa wauza vifaa vya simu, na bei yake haifiki jogoo mkubwa. Shemeji akaninunulia moja. Tukaibana kwenye ukosi wa mama, tukaichomeka kwenye simu yangu, akaimba akiwa amekaa kitandani. Kilichotoka ni wimbo wa mbali uliochanganyika na mchakacho wa karanga, kwa sababu simu ilikuwa imelala ndani ya ungo.

Tuliilaumu maiki kwamba ni mbovu. Doto akaikwaruza kwa ukucha huku tukirekodi, kisha akaikwaruza simu chini pale penye kitundu. Kwenye rekodi maiki ilikuwa kimya na simu ilikuwa inakwaruzwa. Kumbe simu haikuiona maiki kabisa. Ilikuwa inatumia ya kwake. Kipimo hicho cha ukucha ningependa kila mnunuzi akifanye akiwa bado dukani.

Sababu iko kwenye pini. Ukiitazama pini ya hedifoni ya simu yenye maiki, utaona pete nyeusi tatu zinazoigawa sehemu nne: sikio la kushoto, la kulia, waya wa ardhi, na maiki. Maiki nyingi za kubana zimetengenezwa kwa ajili ya kamera, pini zake zina pete mbili tu, sehemu tatu. Simu inatafuta maiki kwenye sehemu ya nne, haikuti kitu. Kuna kiunganishi kifupi cha kubadilisha moja kuwa nyingine, kinauzwa kwa fedha ya soda. Nyingine huja na swichi ya kuchagua simu au kamera; ya Boya BY-M1, kwa mfano, iko hivyo, ina waya wa mita sita, na upande wa simu haihitaji hata ile betri yake ndogo. Simu mpya zisizo na tundu la hedifoni zinataka maiki ya kuchomeka penye chaja, na hapo usinunue bila kuijaribu kwenye simu yako mwenyewe mbele ya muuzaji.

Kiunganishi kikapatikana. Kwa mara ya kwanza mama akarekodi peke yake, kitandani, gizani, bila godoro la mtu yeyote. Nyimbo zikaanza kupona. Ule mkuu wa mwaka, aliokuwa anauandalia uwanja wa Julai, ukakamilika beti zote, na ulikuwa na neno juu ya Bagalu ambalo siwezi kuliandika hapa kwa heshima ya Mjomba.

Tukaja kupatwa na jambo lisilohusiana na sauti hata kidogo.

Simu ilikuwa yangu, ina laini, ina bando. Kulwa aliombwa na bibi yake amrudishie ule wimbo asikilize. Badala ya kuufungua mahali ulipohifadhiwa, alikuta njia fupi ya kuutuma, na vidole vya mtoto wa darasa la nne vikautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndani ya kundi hilo mna Wagika na Wagalu. Mna Mjomba.

Niliuona baada ya kutoka darasani. Alama za buluu zilikuwa zimeshajaa. Nilipomweleza mama hakupiga kelele. Aliweka tonge la ugali chini, akanawa, akaenda kulala jua likiwa bado juu. Kulwa alilia hadi akapata kwikwi. Baba Kulwa akapiga simu kutoka Geita akitaka niufute, nikaufuta kundini, lakini ulikuwa umeshabebwa na kupelekwa mbele. Jioni ile kijana wa bodaboda alipita barabarani akiupiga mluzi.

Asubuhi Mjomba alikuja kwa baiskeli. Alikaa nje, akaomba maji, akanywa yote. "Mwangaluka, dada." Mama akaitikia. "Watoto wameniletea kitu chako jana. Nilisikia mistari miwili nikazima. Chukua simu yangu mfute wenyewe, mimi nisije nikashawishika." Mama hakuipokea; aliielekeza kwangu, nikafuta huku mikono ikinitetemeka. Mzee yule angeweza kukaa na ule wimbo, akatunga jibu lake taratibu, na siku ya uwanja akatuangusha mbele ya watu wote. Nimesoma vitabu vingi juu ya adabu, sijakutana na ukurasa ulionifundisha kama ile dakika.

Hata hivyo wimbo ulikuwa umeshakufa kwa kazi yake. Uwanja hauchezewi kwa neno ambalo bodaboda wanalijua. Zilikuwa zimebaki siku chache, na mama alikaa kwenye kigoda bila karanga mkononi.

Ndipo akaomba jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alitaka kusikiliza zile rekodi za mwanawe za karashani. Tulimwambia zina mawe tu. Akasema tumpe. Nikamvalisha hedifoni, akafumba macho, akasikiliza kipande kimoja, akataka kirudiwe, kikarudiwa mpaka chaji ikapungua. Kisha akaanza kuhamu. Alikuwa anaimba sauti ambayo sisi hatukuisikia, akiichomoa kutoka chini ya mlio wa mashine, kwa sababu koo lile alilizaa na kulilea na anajua linakoelekea kabla halijafika. Baba Kulwa tulipompigia akaisikia kwa simu akapiga kelele, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, mama!" Na pigo la karasha lenyewe, lile lile lililotuudhi, akalifanya pigo la miguu. Maneno akayaweka kwa usiku mbili. Rekodi ambayo ningeifuta kupata nafasi ndiyo iliyobeba wimbo wa Julai.

Tangu siku ile nyumba ina utaratibu. Simu ya kurekodia ni simujanja ya zamani ya shemeji, kioo kimepasuka, haina laini na haitawekewa laini. Haina mdomo wa kusema nje. Imefunguliwa kwenye programu moja tu ya kurekodi, kitufe chake kimewekwa katikati ya kioo, chekundu, kwa kuwa mama hasomi. Inarekodi WAV, sauti ya upande mmoja, ambayo hula karibu megabaiti tano kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba takriban saa 100, na hizo ni nyimbo za miaka mingi kwa mtu wa usiku. Inachajiwa kwa sola mchana na inatundikwa kwenye msumari upande wa mto, maiki ikiwa tayari imebanwa kwenye ukingo wa blanketi. Kwa kuwa faili hutoka na majina ya tarakimu tu, mama huanza kila rekodi kwa kutaja kwa sauti ni wimbo wa nini na umemjia wapi. Jumamosi nahamishia kila kitu kwenye kompyuta yangu, na nakala nyingine kwenye kadi inayokaa mbali na nyumba. Baba Kulwa alitumbukiza simu yake mwaloni mwaka huo huo, na hatukupoteza hata sekunde moja ya karasha.

Ile maiki ya dhahabu iko kanisani. Mikisa ya kwaya ina kitufe cha volti 48 na ukumbi una dari, na inapendeza kuisikia ikifanya kazi iliyoumbiwa. Kuku alitotoa vifaranga watatu.

Julai uwanja ulijaa. Upande wetu ulikuwa na watu wengi hadi jua lilipoanza kuinama, kisha Bagalu wakaleta ngoma moja iliyowakokota nusu yao, na siku ikaisha kwa ubishi ambao bado unaendelea dukani. Wiki iliyofuata Mjomba alikuja tena kwa baiskeli. Safari hii alizunguka zunguka kwenye habari za mvua na ng'ombe, mwisho akauliza kama kile chombo cha dada yake kinaweza kumhifadhia na yeye nyimbo zake, maana naye umri unakwenda na asubuhi hakumbuki. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha akaniambia ninunue kadi ya pili.

Kadi ya Mjomba imefungwa uzi mwekundu na inakaa kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati langu. Akija, natoa ya mama, naweka yake, natoka nje na mlango unafungwa. Mama hukaa jikoni mpaka amalize, na akiona mlango umefunguliwa mapema anauliza kwanza kwa sauti kama kazi imekwisha.